Mnachagua zana kwa sura ya tovuti yake?

Swali
Wakuu, habari zenu. Nipo Kirumba, Mwanza, natengeneza programu ya simu kwa kina mama wanaonunua dagaa visiwani na kuwashusha soko la Mwaloni: magunia mangapi, ya nani, kalipa nani, anadaiwa nani. Nilipotafuta hifadhidata, yaani zana ya kutunza kumbukumbu za programu, nilibaki na mbili. Moja tovuti yake inang'aa, michoro inatembea, kitufe kikubwa kinakuita uanze sasa. Ya pili SQLite: ukurasa mweupe, maandishi yamebanana, viungo vya bluu. Nikaona hii imeshakufa. Sikusoma hata aya moja.

Giza la pili tu, zile siku zisizo na mbalamwezi, dagaa wamejaa, mama mmoja akanipigia kutoka Ukara. Alikuwa amepanda juu ya mwamba kutafuta mtandao. Programu imegoma, boti inapakia, hajui amlipe nani. Ile niliyoipenda huweka kila kitu kwenye seva, kompyuta ya mbali isiyofikiwa bila mtandao. Akarudi kwenye daftari. Iliniuma, maana ule ndio mtaji wake wote.

Nyinyi mkifungua tovuti ya zana mnaangalia nini kwanza?

Jibu la 1
Pole mkuu. Hiyo uliyodhani imekufa imo ndani ya kila simu ya Android hapo Mwaloni. D. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000, na watunzaji wake wamekusudia kuihudumia hadi 2050. Data inakaa kwenye faili moja, humohumo kwenye simu. Tena tovuti yao ina ukurasa unaoeleza wapi SQLite haifai. Mimi huanza kutafuta ukurasa wa namna hiyo.

Jibu la 2
Kaka, urembo usiuonee. Django, zana ya kutengenezea tovuti, nilijifunza peke yangu, Nyegezi, kwa vile mafunzo yake yamepangwa hatua kwa hatua. Bila mpangilio ule ningeacha. Ila huwa nafungua maelezo nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga, kwa simu ndogo na bando la siku. Yasipofunguka, naachana nayo.

Aliyeuliza
Dada, nimejaribu leo. SQLite imefunguka papo hapo, ile nyingine duara linazunguka tu. Nahamisha. Sasa mama na binti yake wanaandika kwenye simu mbili, wote bila mtandao. Nitaunganishaje bila kufuta deni la mtu?

Jibu la 1
Usihifadhi jumla. Kila malipo yawe mstari mpya wenye utambulisho wake wa pekee unaoundwa kwenye simu yenyewe, na mstari wa zamani usiguswe. Simu zikikutana, unakusanya mistari yote, deni unalipata kwa kujumlisha.