Gemu zangu za zamani zanipotea, naomba ushauri

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina kibanda cha gemu hapa Langoni, Lamu. Juzi nilifuta gemu ya mpira niliyoinunua mtandaoni, nipate nafasi. Kuipakua tena, wapi! Ati leseni ya majina ya timu imekwisha. Kumbe nilinunua ruhusa tu, kama walionunua The Crew, gemu ya mbio za magari ambayo kampuni ya Ubisoft walizima seva zake Machi 2024, ikawa haichezeki.

Diski za PlayStation 2 (PS2) bado zacheza, ila hewa hii ya chumvi! Moja nikiimulika kwa tochi naona vitundu kama chujio la chai. Mafundi, nizinakili kwenye kompyuta sasa, au hakimiliki itanibana kwa vile nawalipisha vijana? Na memori kadi, zinazotunza hatua tulizofikia kwenye gemu, nazo nizihifadhije? Mke wangu asema nitupe zote. Sitaki.