MREJESHO: Moyo wangu unaodunda ovyo, nichomwe au nifunguliwe kifua?

Wakuu, salaam. Niliuliza kama moyo wangu unaodunda ovyo utibiwe kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni kuchoma njia za umeme zinazouvuruga, au upasuaji kabisa. Asanteni mlionisihi nirudie kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Daktari alinionyesha kwenye skrini: vali ya mitro, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imebana kwa makovu ya homa ya rumatiki ya utotoni, na chumba cha juu kushoto kimetanuka. Kuchoma njia za umeme huku vali imebana, tatizo lingerudi tu. Kwa hiyo ni kifua: vali itabadilishwa, na papo hapo nifanyiwe Maze, upasuaji alioubuni James Cox mwaka 1987, wa kuacha makovu yanayozuia umeme kuzurura.

Kilichoniumiza kichwa ni vali ipi. Ya chuma hudumu, ila ni warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na mimi bado nataka mtoto. Dawa hiyo huweza kudhuru mimba. Ya mnyama huchakaa, hasa kwa sisi vijana. Nimechagua ya mnyama, nikijua huenda nikafunguliwa tena. Mume wangu alinyamaza kwanza, kisha akakubali.

Warfarin naendelea nayo kwa sasa. Nasubiri kupangiwa tarehe. Niombeeni.