Kariakoo: "kazi ndogo ndogo" imekuwa kisingizio cha kutuuzia laptopu zisizofaa

Wanajukwaa, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kuzipanga hoja zangu, kwa sababu jambo hili linawagusa wazazi na walezi wengi ambao kila mwaka, vyuo vinapokaribia kufunguliwa, huingia Kariakoo na laki nne au tano wakimtafutia kijana laptopu ya bei nafuu. Sina ugomvi na bei nafuu; wengi wetu hatuna uwezo wa kununua nyingine. Ninachokilalamikia ni wauzaji wanaotumia maneno "kazi ndogo ndogo" kufunga kila swali la mteja, ili aondoke na boksi bila kujua kilichomo ndani yake.

Dada yangu alinitumia fedha kutoka Songea nimnunulie mwanawe laptopu ya kuanzia mwaka wa kwanza. Niliingia na mpwa wangu katika duka moja upande wa Msimbazi, ambalo sitalitaja. Kijana muuzaji aliuliza swali moja tu: "Mzee, unataka ya kazi gani?" Nilipomjibu kwamba ni ya kuandika, kusoma na kuingia kwenye intaneti, alishusha boksi jipya ambalo bado lilikuwa na plastiki yake, akataja laki nne na nusu na kusema, "Hii ndiyo yenyewe, kwa kazi ndogo ndogo haikusumbui." Juu ya boksi duka lilikuwa limebandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: SSD 64GB, RAM 4GB, yaani hifadhi ya faili na kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ubavuni, kwa herufi ndogo ambazo mpwa wangu ndiye aliyeziona, mtengenezaji mwenyewe alikuwa ameandika eMMC. "Mjomba, mbona hapa wameandika kingine?" aliniuliza. Muuzaji alidakia kwamba eMMC na SSD ni kitu kilekile.

Si kitu kilekile, na mtu anayeuza vifaa hivi kutwa nzima hana udhuru wa kutojua. Hifadhi ya eMMC ni ya jamii ileile inayotumika kwenye simu za bei ya chini, na huchomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya kompyuta, hivyo ikijaa au ikifa fundi hawezi kuichomoa na kuweka nyingine kama anavyofanya kwenye SSD ya kawaida. Toleo lake la 5.1, ambalo ndilo lililoenea kwenye laptopu hizi, kikomo chake cha kinadharia ni megabaiti 400 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya SATA husoma kwa kasi ya megabaiti 550 hivi na zile za NVMe hufika maelfu. Tena hizo 64GB zilizoandikwa kwenye boksi Windows huzihesabu kuwa chini ya 60, na kabla kijana hajahifadhi hata faili moja, sehemu kubwa imekwisha kuchukuliwa na Windows yenyewe. Linapokuja sasisho kubwa linalohitaji nafasi ya gigabaiti kadhaa, huanza kazi ya kufuta picha na vitini ili mashine iweze kujisasisha.

Niliomba tuijaribu. Baada ya kunung'unika kwamba nitamchelewesha, muuzaji alinionyesha nyingine ya aina hiyohiyo iliyokuwa imefunguliwa kwenye kaunta. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kuona mzigo wa mashine: hakuna programu tuliyokuwa tumeifungua, na bado RAM ilikuwa imetumika kwa zaidi ya robo tatu. Tulifungua Word, kisha kurasa chache za intaneti, na papo hapo kipimo cha diski kilipanda hadi asilimia 100 na kuganda huko. Mpwa wangu aliandika majina yake matatu. Alikwisha kuinua mikono kutoka kwenye kibodi, ndipo herufi za jina la ukoo zilipokuwa zikijitokeza mojamoja kwenye skrini. Sababu yake inaeleweka: RAM ikielemewa, Windows huhamishia baadhi ya mambo kwenye diski, na diski yenyewe ikiwa ni eMMC, mashine nzima huvuta miguu. Muuzaji alisema kwamba ni kwa sababu ni mpya, "itazoea". Sijapata kusikia kompyuta inayozoea.

Na hizo kazi ndogo ndogo ni zipi hasa? Mwanafunzi anayeomba mkopo wa HESLB huombea mtandaoni kupitia mfumo wake wa OLAMS na hulazimika kupandisha nyaraka. Mhitimu anayetafuta kazi serikalini huingia kwenye Ajira Portal. Mwenye kampuni ndogo anayewania zabuni za serikali yuko kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali. Darasa likihamia Zoom, kuna video, sauti, kitini cha PDF na ukurasa wa kuandikia, vyote vikiwa wazi kwa wakati mmoja. Matumizi ya kawaida ya leo ni kivinjari chenye kurasa nyingi, na kivinjari ni miongoni mwa programu zinazokula RAM kuliko nyingine. Kumwambia mtu kwamba 4GB isiyoongezeka inamtosha kwa sababu kazi zake ni ndogo ni sawa na kumuuzia mtu mzima shati la mtoto kwa hoja kwamba atalivaa nyumbani tu.

Wauzaji hukimbilia kujitetea kwamba mashine ina Windows 11 halali. Ni kweli, na hapo ndipo mchezo ulipo. Microsoft imeweka kiwango cha chini cha Windows 11 kuwa RAM ya 4GB, hifadhi ya 64GB, prosesa yenye koa (viini vya kuchakata) mbili na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na laptopu hizi hutengenezwa zifikie kiwango hicho bila kukizidi hata kidogo. Prosesa ya Celeron N4020, ambayo tunauziwa hadi leo kama mali mpya, ilitoka mwaka 2019 na ina koa mbili. Kiwango cha chini ni sharti la kuruhusiwa kuingia mlangoni. Hakimhakikishii mtu kwamba atakaa kwa raha ndani.

Watu wataniambia niende kwenye za mtumba. Nimekwenda, na huko nako kuna vituko vyake. Jina la prosesa ya Intel, "Core i5", pekee halimwambii mnunuzi chochote, kwa kuwa i5 za kwanza zilitoka mwaka 2009. Kinachotakiwa ni kizazi chake, yaani toleo lake. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, ilhali 840 G5, ambayo kwa jicho la mtu wa kawaida ni mashine ileile, kwa kawaida ni ya kizazi cha 8. Tofauti ni kubwa, kwa sababu prosesa za Intel ambazo Microsoft inazikubali rasmi kwa Windows 11 huanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno, na Windows 10 imekwisha kuachwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Hata hivyo, nilionyeshwa G3 inayowaka Windows 11 bila shida. Mtu aliyaruka masharti wakati wa kuiweka, na mnunuzi haambiwi kwamba mashine yake haina uhakika wa masasisho ya mbele. Betri nayo husifiwa kuwa "inakaa", wakati amri ya powercfg /batteryreport ingeonyesha ndani ya sekunde chache ujazo iliozaliwa nao na ujazo uliobaki. Nilipoomba kuiandika amri hiyo, niliulizwa kama mimi ni fundi au mteja.

Kilichonikera zaidi ni suala la risiti. Nilielezwa kwamba nikitaka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei inabadilika, na kwamba hata nikipewa itaandikwa "laptop 1" bila maelezo mengine, huku ukutani kukiwa na tangazo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kuwapotosha wanunuzi. Sasa mnunuzi atapeleka nini FCC ikiwa maelezo yenyewe yalikuwa ya mdomo, na karatasi ya kalamu nene imebaki dukani?

Kwa anayejiuliza kama anunue au asinunue, msimamo wangu ni huu: laptopu mpya yenye eMMC na RAM ya 4GB iliyochomelewa isinunuliwe hata ikipunguzwa bei. Kama ni lazima iwe mpya, basi iwe angalau na prosesa ya aina ya N100, ambayo ina koa nne, pamoja na RAM ya 8GB na SSD halisi. Fedha zikiwa hazifiki hapo, EliteBook 840 G5, ThinkPad T480 au Latitude 7490 iliyotumika, yenye 8GB na SSD ya 256GB, itamfaa mwanafunzi zaidi, mradi betri na chaja vikaguliwe palepale na ihakikishwe kwamba BIOS, yaani programu ya kuwashia mashine, haina nywila ya kampuni iliyoimiliki awali. Mpwa wangu ameelewa, na fedha za mama yake bado ziko salama.

Kwa wauzaji mnaosoma humu, maana najua mpo: andikeni kwenye risiti jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM, aina ya hifadhi na muda wa kurudisha mali, na mwacheni mteja akae na mashine walau nusu saa kabla ya kulipa. Duka linalofanya hivyo hapa Dar liandikwe kwenye uzi huu pamoja na mtaa lilipo, nami nitakwenda.