Mafundi simu, acheni kuuzia watu vioo wakati tatizo ni chaja! Simu kujibonyeza yenyewe, hebu tuelewane

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na leo sirembi.

Mteja analeta simu: kila akiichomeka chaja inajibonyeza yenyewe, inafungua kamera, inapigia watu, PIN inajiandika ovyo hadi simu inajifunga. Fundi hata hajaomba kuiona chaja, jibu analo mdomoni: "Kioo kimekufa, elfu themanini." Mteja analipa, anawekewa kopi, anarudi nyumbani anachomeka chaja ileile, mchezo uleule. Akirudi anaambiwa sasa ni IC, yaani chipu ya kwenye bodi. Huu ni ufundi au kamari?

Tachi ya simu haipimi mgandamizo. Chini ya kioo kuna nyuzi angavu za aina mbili zinazopishana, hizi zinatuma mawimbi ya umeme na zile zinapokea. Kila zinapopishana pana kapasita (kihifadhi chaji ya umeme) ndogo mno, ya pikofaradi moja hivi, yaani kipimo kidogo sana cha uwezo wake. Kidole kikisogea kinaipunguza kwa sehemu ndogo tu ya hiyo pikofaradi, na upungufu huo ndio chipu ya tachi inaousoma, makumi ya mara kwa sekunde. Kipimo chepesi kiasi hicho hakitaki kutikiswa.

Sasa chaja. Umeme wa 230 V unanyooshwa kuwa kama 325 V DC, kisha swichi inaukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Koili za transfoma hazigusani, ila zimekaa karibu mno, kwa hiyo nazo ni kapasita, na kelele, yaani mtikisiko wa umeme wa hiyo swichi, inavuka kuja upande wa simu. Chaja ya maana ina kidude cha duara, mara nyingi cha bluu, kimeandikwa Y1 pamoja na 102 au 222, yaani nanofaradi 1 au 2.2. Kazi yake ni kuirudisha kelele ilikotoka. Fungua chaja ya buku tano uone: nafasi yake kwenye bodi imeachwa tupu. Au imetiwa kapasita ya kawaida, na hiyo ni mbaya zaidi, maana ikipiga shoti umeme wa ukutani unaingia kwenye simu ukiwa umeishika. Na ule mguu wa tatu wa plagi usikudanganye, kwenye chaja nyingi ni plastiki tupu, hauna ethi yoyote.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea. Multimita (kile kipima umeme cha fundi) inasoma 5 V safi, chaja inaonekana nzima. Lakini chanya na hasi zinapanda na kushuka zote pamoja dhidi ya ardhi, na multimita iliyowekwa katikati yake haioni kitu. Simu ikilala mezani imetulia. Ukiigusa tu, mwili wako unaipa kelele njia ya kupita kwenye ncha ya kidole. Ndiyo maana miguso ya uongo inajipanga mstari mmoja na kidole chako! Tachi mbovu haina adabu hiyo, inajibonyeza palepale kidole kiwepo kisiwepo.

Kupima ni dakika tano, na ni bure. Kwa simu ya Android, ingia Settings, About phone, gonga Build number mara 7, kisha ingia Developer options, washa Pointer location. Juu ya skrini itatokea P: 0 / 0, namba ya kwanza ni vidole vinavyogusa sasa hivi. Chora taratibu kwa kidole kimoja bila chaja, halafu ukiwa na chaja ya mteja, halafu na pawabenki kwa waya uleule. Ikiruka kuwa 2 au 3 kwenye chaja tu, na pawabenki ikawa safi, mwambie mteja anunue chaja nyingine na umwache aende zake.

Jibu #2
Mkuu uko sahihi ila unatuonea kidogo. Wateja wengi wanakuja na simu peke yake, chaja wameiacha nyumbani, dukani simu inakuwa nzima. Halafu ongeza hili: ikijibonyeza hata kwenye pawabenki, vua protekta kwanza. Zile zenye gundi pembeni tu zinaacha hewa katikati, mguso unadhoofika. Kisha angalia kama betri imevimba na inasukuma kioo kwa chini. Ukikuta imevimba usiibonyeze irudi, itoe.

Jibu #3
Mimi hasira zangu ni kwa wanaosahau raba ya proksimiti, ile sensa inayozima skrini ukiweka simu sikioni. Mteja kabadilishiwa kioo, sasa akipiga simu skrini inazima hairudi mpaka akate kwa batani ya pawa. Sensa hiyo kwenye simu nyingi ni taa ya infraredi na kipokezi chake kando kwa kando. Raba ndogo inavitenga. Usipoirudisha, mwanga unagonga kioo kwa ndani na kurudi, simu inadhani iko sikioni muda wote. Vioo vya kopi navyo vina wino usiopitisha infraredi pale kwenye tundu, au gundi imefurika hapo. Kwa Samsung nyingi piga *#0*#, ingia Sensor, pitisha kiganja juu ya spika ya sikio. Fanya hivyo KABLA ya kubandika kioo.

Mwanzisha uzi
#2, basi muulize alete chaja, kinywa si unacho? Ugonjwa wa kukimbilia kioo si wa bongo peke yetu, sawa. iPhone 6 Plus ilikuwa inatoa mstari wa kijivu unaopepea juu ya skrini na tachi inagoma. Kioo kipya hakikusaidia, maana zilizolegea ni chipu za tachi kwenye bodi, lehemu imepasuka. Novemba 2016 Apple wenyewe wakaweka matengenezo ya dola 149. Waliokuwa wamebadilisha vioo hela yao ndiyo ilishakwenda.

#3 nakuunga mkono. Anayetaka kuifungua chaja atazame hiyo Y1, aichomoe ukutani kwanza na asiguse miguu ya kapasita kubwa, inaweza kubaki na zaidi ya 300 V.