Siti za pointi za safari ya ghafla, London hadi Mombasa

Assalam aleikum jamaa, samahani nawasumbua usiku. Mama ameanguka chooni kwetu Kisauni, nyonga imevunjika, operesheni ni wiki hii na mie nataka niwe pale. Avios, zile pointi za British Airways za kukatia tiketi, nshakusanya miaka minne, nimekaa tangu magharibi natafuta London–Mombasa kila tarehe hamna kitu na tiketi ya pesa haishikiki. Ni mie nakosea au hizi pointi ni pambo tu?

---

Waleikum salaam kaka, mama apate afueni inshallah. Hebu acha kuandika Mombasa kwanza. Ndege za nje zinazotua uwanja wa Moi hapo Mombasa ni za kuhesabu, Turkish, Ethiopian na wengine wachache, na zote lazima ubadilishe njiani, sasa siti ya pointi ikikosekana kipande kimoja tu mtambo wakwambia safari nzima haipo. Andika Nairobi. British Airways yatoka Heathrow moja kwa moja, ukishafika kuna treni ya SGR mpaka Miritini, stesheni ya Mombasa, au ndege ndogo ya kama saa moja, hiyo lipa pesa. Mie msiba wa ami yangu nilikwenda hivyo, maziko sikuyawahi (si wajua kwetu maiti hailazwi) lakini hitima niliipata.

Tafuta mtu mmoja, kwenda tu, kurudi utajua ukiwa huko. Na usiangalie mara moja ukalala, siti zisizouzwa mara nyingi huachiwa siku za mwisho mwisho na wanaofuta safari zao hurudi pia, kwa hivyo alfajiri angalia, kazini angalia. Hizo Avios waweza kuzihamisha kwenda Qatar Airways bure ukajaribu Nairobi kupitia Doha. Ila pointi za kadi ya benki USIZIGUSE mpaka siti uione kwa macho, zikishaingia kwa shirika hazirudi, zangu zimekaa huko mpaka leo kama mahari ya harusi iliyovunjika 😅

Kodi na tozo utalipa juu yake, usishtuke.

---

Nimepata!! Alhamisi, Nairobi, imetokea saa kumi na moja alfajiri na jana haikuwepo wallahi. Shukran sana kaka. Sasa twatua usiku na treni ya saa nne siiwahi, kuna mtu ana ndugu South C au Embakasi anipe kochi mpaka asubuhi?