Kamera ngumu kwa picha za sayansi za nje: TG-6 au WG-6?

Chipukizi: Wakuu, naomba ushauri. Natafuta kamera ndogo ya kazi za nje, isiyoogopa maji wala kuanguka. Nimebaki na Olympus TG-6 na Ricoh WG-6. Ipi bora? Nanunua wiki hii.

Kereng'ende: Bora kwa kupiga nini? Wadudu, miamba, samaki? Utazama nayo au utaitumbukiza tu mtoni? Hata bajeti hujataja, mkuu.

Jicho la Tai: TG-6, funga mjadala. Kwenye hali ya mikroskopu inasogea hadi sentimita 1 kutoka kwenye kitu. Inapiga picha kadhaa kwa fokasi tofauti na kuziunganisha yenyewe, mdudu akaonekana vizuri toka vipapasio vya kichwani hadi mkia. Faili za RAW (picha ghafi, kamera haijazichakata) pia inatoa, WG-6 haitoi.

Mzamiaji: Mbona husemi WG-6 inakwenda mita 20 chini ya maji na mwenzake 15? Ina megapikseli 20 dhidi ya 12, na taa 6 za LED zimezunguka lenzi. Kwenye TG-6 kifaa cha kusambaza mwanga unanunua kando.

Jicho la Tai: Sensa zote mbili, yaani vile vihisi vinavyopokea mwanga, ni za inchi 1/2.3. Kubana pikseli nyingi humo hakuongezi chochote kwenye mwanga hafifu.

Bi Makini: Mita hizo za kina zinategemea mpira wa kuzuia maji kwenye mlango wa betri. Tulikuwa kijitoni tukipiga viluwiluwi, mwenzangu akabadilisha betri palepale ukingoni, akafunga, tukaendelea. Haukupita muda, lenzi ikaingia ukungu kwa ndani, picha zote zikawa na doa jeupe katikati. Jioni kioo kikazima kabisa. Fundi alipofungua alikuta chembe moja ya mchanga imelala kwenye mpira wa mlango wa betri. Kadi ilipona, kamera haikupona. Futeni ule mpira kila mkifungua, na badilisheni betri mkiwa pakavu.

Chipukizi: Samahani, nilisahau: ni konokono wa maji baridi. Sitazama.

Kereng'ende: Basi kina kisikusumbue. Gamba lililolowa linang'aa, flashi ya moja kwa moja itakuachia madoa meupe. Tafuta mwanga uliosambazwa. Na weka rula pembeni ya kuonyesha ukubwa, usawa mmoja na gamba.

Mzamiaji: Sarafu inatosha.

Kereng'ende: Sarafu ya wapi? Atakayeisoma picha akiwa nchi nyingine atajuaje kipenyo chake? Rula ya milimita.

Mzamiaji: Rula ya plastiki nayo inang'aa.

Bi Makini: Chapisha vipimo kwenye karatasi ngumu isiyong'aa. Chipukizi, bajeti bado hujasema.