Naomba ushauri: riwaya ya mraibu wa heroini kuwa filamu ya dakika 100, nusu ya pili imelala

KalamuNzito:
Wakuu, salaam. Nina riwaya ya kurasa 340 ya kugeuza skripti. Mhusika mkuu ni mraibu wa heroini na anasimulia mwenyewe, "mimi" mwanzo hadi mwisho. Nusu ya kwanza, ya kuporomoka, imesimama. Ya kupata nafuu imelala: anatoka jasho siku tatu, anaamka, dirisha linafunguliwa, anarudi kwao. Aliyesoma rasimu kasema hapo hakuamini hata neno moja. Nauliza: sauti ya ndani niifanyeje? Arosto, yaani mateso ya mwili dozi ikikatika, inakwendaje saa kwa saa? Na kwenye kitabu anakufa. Nikimwacha hai ni kosa?

Mkasi:
Anza na hesabu, mkuu. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja, kwa hiyo una kurasa 100 tu. Pitia riwaya na kila tukio uliandikie mstari mmoja: nani kapoteza nini. Riwaya za uraibu hurudia mambo matatu: kuomba hela, kuiba, kuapa kuacha. Kitabuni marudio hayo yanabana roho, kwenye skrini yanachosha. Bakiza moja la kila aina, na uchague lile lenye mtu anayeumia mbele yetu.

Sauti ya ndani usiihamishe kama ilivyo. Palipoandikwa "nilijichukia", tafuta mikono inafanya nini: anampa mtoto sarafu tatu, anageuka, anarudi kuchukua moja. Basi, sini (tukio la filamu) imekwisha. Sauti ya msimulizi itunze kwa pale anapojidanganya tu. Tunamsikia akisema "hii ndiyo ya mwisho" huku tukimwona anafungia nusu kwenye karatasi aiweke ya kesho.

NesiWaZamu:
Kwenye arosto ndipo filamu nyingi zinapoboronga. Kwa heroini huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, na haianzi kwa mayowe. Inaanza kwa miayo, machozi na kamasi, ungedhani mtu ana mafua. Kisha jasho, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, miguu isiyotulia kitandani. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali kabisa. Mwili hupoa ndani ya siku 5 hadi 10 hivi, lakini usingizi mbovu na moyo mzito vinaweza kuendelea wiki nyingi. Kwa hiyo huyo anayeamka siku ya nne akitabasamu ndiye aliyekuharibia.

Macho nayo: akiwa amelewa heroini mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, akiwa na arosto zinapanuka. Watu hugeuza.

Halafu usimgeuze mlevi wa pombe ukabakiza sini ileile ya kufungiwa chumbani. Mnywaji mzito akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa vibaya siku ya pili au ya tatu. Huko watu hufa. Hata wa heroini anaweza kuzidiwa kwa kukaukiwa maji kama anatapika na kuharisha bila kuangaliwa.

Hatari kubwa ya heroini iko baada ya kuacha. Mwili umesahau kipimo. Akirudia kiasi kilekile cha zamani, pumzi inapungua, anakoroma kwa namna isiyo ya usingizi, midomo inageuka rangi. Naloksoni ya puani, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, inamwamsha ndani ya dakika chache, ila nguvu yake ni kama dakika 30 hadi 90. Heroini ikiwa bado nyingi mwilini anaweza kuzama tena. Usikate sini pale anapofumbua macho. Na haamki akishukuru: anaamka na arosto, amekasirika.

KalamuNzito:
Asante sana, nesi. Kitabuni anaingia kwenye methadoni, ile dawa ya kliniki inayotolewa badala ya heroini, kurasa mbili tu. Niliziruka kwa kuona hazina drama.

NesiWaZamu:
Hizo ndizo nusu yako ya pili! Dozi ya kwanza huwa ndogo, kwa kawaida miligramu 20 hadi 30, kwa sababu methadoni hujilimbikiza mwilini siku baada ya siku na ukiharakisha unaua. Hivyo wiki ya kwanza anakunywa dawa na bado kesho yake asubuhi anapiga miayo. Hapo ndipo wengi huchanganya na ya mtaani, na hapo drama unayo. Tazama dirisha la kutolea dawa: nesi anathibitisha jina, anapima dawa ya maji, anamkabidhi kikombe, mgonjwa anakunywa, anapewa maji, kisha anasemeshwa. Haulizwi kwa adabu tu. Anasemeshwa ili ijulikane amemeza, hajaificha mdomoni akauze.

Mkasi:
Hilo dirisha ni dhahabu. Lirudie mara tano, kamera palepale. La kwanza liache dakika moja na nusu, la pili sekunde 40, la mwisho sekunde 8. Kila mara badili kitu kimoja tu: anakwepa macho, anachelewa, hayupo, yupo na jeraha, anajibu kabla hajaulizwa.

Poda_na_Brashi:
Mnashuti bila kufuata mfuatano wa hadithi, sivyo? Basi tengeneza jedwali: namba ya sini, siku ya hadithi, saa tangu dozi ya mwisho, mboni, ngozi, nguo. Bila hilo atakuwa na kidonda mkono wa kulia asubuhi na wa kushoto jioni. Ili aonekane kakonda, msimnyime mwigizaji chakula; mpeni shati lililozidi saizi mbili, kola iachie shingo, kivuli chini ya mashavu. Sindano iwe ya bandia ambayo ncha yake inarudi ndani. Hatua za kuandaa dawa msizionyeshe kabisa, maana kwa aliyeacha, kuona vifaa peke yake kunaweza kuamsha hamu. Uso unatosha.

Wakili_Mstaafu:
Kwa ufupi: kama mwandishi yu hai, au hata amefariki, usiandike zaidi kabla ya mkataba. Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi maisha ya mwandishi na angalau miaka 50 baadaye. Nchi nyingi zimeweka 70. Ruhusa ya kubadili mwisho iandikwe humo waziwazi.

Mkasi:
Kubadili mwisho si kosa. The Man with the Golden Arm ya Nelson Algren (1949) mhusika anajinyonga. Kwenye filamu ya Otto Preminger ya 1955 anabaki hai.

NesiWaZamu:
Mimi napinga kidogo. Kumwacha hai sawa, kumponya hapana. Mwache kwenye foleni ya dawa.

KalamuNzito:
Nimewaelewa. Nafuta dirisha la jua, naandika la dawa.

NesiWaZamu:
Ukimaliza, mpe mtu anayefanya kazi ya kugawa methadoni asome kurasa hizo tu. Atakwambia kikombe ni kikubwa mno, na kwamba nesi hawezi kugeuka nyuma kabla mgonjwa hajasema neno.